Kipande cha Chausiku Kilichobaki Hospitalini

Nina umri wa miaka thelathini na sita, ndugu wasomaji, na nauza tumbaku sokoni Morogoro. Dada yangu Zuhura ni mdogo wangu, tumbo moja. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno juu yake... akiolewa, akiugua, akifa. Wajerumani hawalijui hilo. Shemeji yangu analijua, tena sana!

Shemeji huyo, Mwinshehe, mume wa Zuhura, aliajiriwa na daktari wa Kijerumani katika chumba cha darubini hospitalini. Aliandaa nyama za ng'ombe na za maiti ili daktari atafute ugonjwa. Nyama hulowekwa kwenye spiriti, hugandishwa ndani ya nta, hukatwa nyembamba kuliko ganda la kitunguu, kisha hutiwa rangi juu ya kioo. Tulijivunia! Hata vidole vyake vya zambarau tuliviona fahari.

Homa ilipoingia, Chausiku, binti yao wa pekee, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameng'oka meno ya mbele, akafia hospitalini. Wanawake walipokuwa wakimwosha nyumbani, nikasikia ukelele wa dada. Ubavuni mwa mtoto kulikuwa na mshono!

Nikamshika Mwinshehe uani. Akakiri kwamba daktari aliomba kipande cha bandama, naye akakubali.

"Shemeji, waliniuliza mimi baba. Ningesemaje?"

Ungesemaje? Ungesema mwiteni mjomba! Si ni kwangu ulikokuja kuposa?

Tulimzika siku ile ile, maiti haingoji, tukamlaza kwa ubavu wa kulia kuelekea kibla. Mwalimu wa msikitini akasema kipande kikipatikana kizikwe pembeni yake. Dada akasusa chakula. Neno lake likawa moja tu, kwamba mwanawe hajatimia.

Nikaenda hospitalini. Daktari amesafiri, yuko Mgeta. Kipande nilikiona kwa macho yangu, ndani ya chupa ya spiriti! Nikanyoosha mkono, mlinzi akanisukuma nje. Niliporudi, nikaambiwa kimeshaingia kwenye nta. Na aliyekitia humo ni nani? Baba yake mzazi! Nilimsihi akitoe kabla hakijakatwa. Akalia, akasema atafukuzwa kazi. Kesho, shemeji. Kesho...

Nikapanda bomani. Karani akauliza kama mimi ndiye baba. Nikasema mimi ni mjomba. Akacheka, akaniambia nimlete baba. Nilieleza mpaka mate yakanikauka. Akasema baba amekubali, mjomba anadai nini? Niambieni, wasomaji, mtu anaanzaje kueleza jambo ambalo kwao hata watoto wanalijua?

Daktari aliporudi alinisikiliza kwa upole, sitamsingizia. Alisema kwao baba ndiye humsemea mtoto, na kama angeambiwa, angeniita. Lakini kipande kilikuwa kimeshakatwa chote, na vioo vimeondoka kwa gari moshi kwenda pwani, vivuke bahari. Kilibaki kioo kimoja. Akanipa.

Kimoja! Na juu yake doa la zambarau, dogo kama punje ya choroko.

Ninyi mlioajiriwa na wakubwa, nawasihi, mkiulizwa jambo lisilo lenu, semeni si langu, mwiteni mwenyewe. Msiogope kazi mkasahau watu wenu! Nanyi wajomba, mtoto akilazwa msikae nyumbani kungoja kuitwa. Nendeni mkajulikane kwa sura na kwa jina, maana pale mlangoni anayeulizwa ni baba tu.

Nayasema haya kwa sababu ya dada. Tulichimba pembeni ya kaburi, mimi na yeye, Mwinshehe akiwa amesimama mbali, hakuna aliyemwita. Zuhura akakipokea kile kioo, akakigeuza huku, akakigeuza huku, machozi yakimtiririka.

"Kaka," akaniuliza, "nimlaze kwa ubavu upi?"