Mtoto wa Daftarini

Kila asubuhi kabla ya shule, Kiroboto, binti wa fundi magodoro, alitakiwa kuvuta dawa mpya ya pumu, kupuliza kipima pumzi, kisha kuandika daftarini namba kilichoonyesha: kubwa ni pumzi nzuri, ndogo ni hatari. Watafiti wa hospitali walikuwa wakiijaribu dawa hiyo kwa watoto kama yeye. Jina la Kiroboto alipewa kwa kutotulia, na kweli, siku ya nne tu kazi hiyo ilimchosha. Akaketi akaandika mia tatu, mia tatu, mpaka mwisho wa mwezi. Dawa akaitupa uvunguni.

Alhamisi moja alasiri, mama alipokwenda kuchukua uzi, Kiroboto alibaki peke yake kati ya magodoro yaliyorundikwa hadi darini. Akasikia mluzi mwembamba, wa chinichini, kama wa mtu aliyejibanza nyuma ya pamba.

"Nani?"

Mluzi ukanyamaza. Alipotembea, ukaanza tena. Aliingia chumbani, nao ukaingia. Nywele zilimsisimka. Akabana pumzi asikilize vizuri. Kimya. Akaiachia: fyuuu.

Mama yangu! Mluzi ulitoka kifuani mwake.

Alipuliza kipima pumzi. Mia moja arobaini. Akafungua daftari. Siku ile ilikuwa imeshajazwa, kwa mwandiko wake mwenyewe: mia tatu. Ilikuwa kana kwamba humo ndani mna mtoto mwingine, mzima, anayemmalizia hewa yake.

Mama aliporudi na kumkuta anahema, alimpigia simu nesi wa utafiti.

"Leo amepuliza ngapi?" nesi akauliza.

Mama akatazama daftari. "Mia tatu. Basi labda ni mafua tu."

Kiroboto angeweza kunyamaza. Aibu ilimchoma mpaka masikioni.

"Mama... nimedanganya. Ni mia moja arobaini. Zote hizo nimezibuni."

"Mpe dawa ya dharura sasa hivi, mje mbio!" nesi aliyesikia yote simuni akasema.

Hospitalini, kifua kilipotulia, Kiroboto alikiri pia kuitupa dawa. Nesi akamshika mkono.

"Mwanangu, namba zako zingetuambia dawa inakufaa, kumbe hata huitumii. Watoto wengine wangetibiwa kwa ushahidi wa mtoto ambaye hayupo. Nawe leo nusura ukose msaada kwa kalamu yako mwenyewe. Ukisahau, andika umesahau. Hilo nalo linatusaidia."

Wiki tatu baadaye, Kiroboto alivuta dawa, akapuliza. Mia mbili themanini. Kwa kweli, aliitamani ile mia tatu. Akaandika mia mbili themanini, akavaa viatu, akaenda shule.