Samaki Asiye na Miiba

Jioni ile walikuwepo watatu tu: shoga yangu mshonaji, mumewe fundi majokofu, na mtoto wao aliyelala mapajani mwa mama. Walikuwa mezani wakila samaki.

Mume alikuwa amerudi kutoka safari na chupa ya mvinyo. “Mgahawa niliokula kule, mke wangu! Mvinyo baridi, samaki, na dada mhudumu anakutolea miiba kama mtoto mdogo.”

“Dada yupi huyo?” shoga yangu akauliza kwa wivu.

“Wee! Nimekubebea chupa nzima, bado unanuna?”

Umeme ukakatika. Shoga yangu akamkumbatia mtoto kwa mikono miwili. Gizani, bila kumwachia mtoto, akasikia mvinyo ukimiminwa taratibu, kisha vitu vidogo vikidondoka ukingoni mwa sahani.

“Asante kwa kunitolea miiba, mke wangu,” mume akasema.

Siku hizi mume hasafiri tena, lakini wakila samaki, samaki wa mume hana hata mwiba mmoja.