Justa wa Kibaha

Mimi Maulida wa Kibuta nina wivu, sikatai. Mume wangu Latifu analijua hilo mwaka wa ishirini na mbili huu.

Siku hiyo Latifu alikwenda shambani. Simu yake aliiacha kwenye chaji ya sola. Nikaifungua. Jina moja limepiga siku tatu mfululizo: Justa Kibaha. Nikatazama saa. 02:10. 02:05. 02:15.

Saa nane usiku! Mimi nikilala ni gogo. Kumbe mwenzangu anaongea na wanawake ubavuni kwangu!

Nikampigia. "Wewe Justa, mwache mume wangu! Usipige tena namba hii!" Nikakata.

Latifu aliporudi, alinikuta nafunga nguo zangu kwenye kanga.

"Mama Pazi, unakwenda wapi?"

"Kwetu Mzenga. Kamwoe Justa wako. Nimeshamwambia asipige hapa."

Latifu akashika kichwa. "Justa ni muuguzi! Ndiye anayenitafutia siku ya kutolewa mtoto wa jicho. Hunipigia asubuhi."

"Asubuhi gani ya saa nane usiku?"

Kelele zilimleta jirani yetu, Mwalimu Atupele.

"Shikamooni."

"Marahaba. Hebu tazama mwenyewe," nikamwambia, nikampa simu.

Atupele akaitazama, kisha akatazama jua. "Baba, sasa hivi saa ngapi?"

"Saa saba mchana."

"Simu yako imeandika 07:00."

"Si ndiyo saa saba hiyo? Niliinunua ina makosa. Saa mbili asubuhi yenyewe inaandika 08:00! Nikairekebisha."

Atupele akacheka. "Haikuwa na makosa, baba. Sisi tunaanza kuhesabu saa asubuhi. Simu inaanza saa sita usiku. Saa moja asubuhi huandika 07:00. Saa saba mchana huandika 13:00. Wewe umeirudisha nyuma saa sita. Hii 02:10 ni saa mbili na dakika kumi asubuhi."

Saa mbili asubuhi mimi huwa kisimani.

"Fungua Mipangilio," Atupele akasema. "Tafuta Tarehe na Saa. Washa hapa, ili simu ichukue saa kwenye mtandao. Hakikisha pia majira ni ya Afrika Mashariki."

Latifu akagusa. 07:06 ikawa 13:06.

"Simu zilizokwisha kupigwa zitabaki na saa ileile ya makosa," Atupele akaongeza. "Msije mkagombana tena."

Latifu akanipa simu. "Mpigie Justa. Wewe, siyo mimi. Jicho hili likifa, utaniongoza wewe."

Aibu niliyoiona! Nikapiga, nikaomba radhi. Justa akacheka mpaka akakohoa. "Njooni Alhamisi, mama. Saa mbili kamili asubuhi."

Alhamisi tulifika Kibaha, simu inasoma 07:40. Latifu alitolewa mtoto wa jicho. Justa akanikabidhi chupa ya matone.

"Mtie kila baada ya saa sita. Weka alamu. Saa ya simu imekaa sawa?"

"Imekaa sawa."

Jioni simu ililia: 18:00. Saa kumi na mbili kamili. Nikamtia matone.

Wiki ya pili Latifu alinitazama kwa jicho lile. "Mama Pazi, kumbe bado mzuri!"

Nguo zangu zimerudi sandukuni. Namba ya Justa nimeihamishia kwenye simu yangu. Akitaka kumjulia hali Latifu, apitie kwangu.