Pikipiki ya Marehemu Bwanali

Siku pikipiki ilipomzimikia Theodora katikati ya stendi ya Masasi, mabasi mawili yalitaka kutoka na moja lilitaka kuingia, na yote matatu yalitaka kupita pale pale aliposimama. Honi zilipigwa kiasi cha kuwaamsha waliozikwa wiki ile. Isaka, aliyekuwa anapakia mifuko ya salfa, dawa ya mikorosho, kwenye basi la Tandahimba, alitua mzigo akatazama. Aliona msichana mrefu, suruali ya jinsi, kitenge cha maua ya njano kimefungwa kiunoni, na helmeti kubwa kama chungu cha pombe ya harusi. Msichana alipiga kiki. Akapiga tena. Makonda wakaanza kumhesabia kwa sauti.

"Dada, shuka tukusukume!"

"Kasukume basi lako, halijaoga tangu lizaliwe!" alijibu.

Isaka alisogea, akanyoosha kidole kimoja, akasogeza swichi nyekundu kwenye usukani. Teke lililofuata, pikipiki ikanguruma.

"Umeifanya nini?" Theodora aliuliza.

"Nimeiruhusu. Ulikuwa umeizima mwenyewe, kwa hicho kidole gumba kizuri."

"Na muda wote huu ulikuwa unanitazama tu?"

"Nilikuwa nafurahia mateke."

Hivyo ndivyo walivyoanza. Theodora alikuwa afisa ugani mpya wa Mnyambe, kule juu Newala, na leseni yake ilikuwa bado inanukia karatasi. Isaka alikuwa na duka la pembejeo pale Masasi. Kila Jumamosi Theodora aliteremka kuwaona wazazi wake Chiwata, akapitia dukani kwa Isaka, na kila safari "kupitia" kukawa kurefu kuliko safari yenyewe. Siku nyingine walipendana kwa simu.

"Bibi shamba wangu, umekula?"

"Nimekula vumbi."

"La nani?"

"La kwenu wauza salfa. Wakulima wanapuliza mikorosho, mimi napuliziwa chai. Mpaka kwenye petroli imeingia, Isaka. Nimefungua tangi, nimeikuta chini ya kifuniko kama unga."

Maneno hayo yalimkaa Isaka. Jumamosi iliyofuata, Theodora alipokwenda sokoni kununua nyanya, Isaka alikichukua kifuniko cha tangi, akakigeuza, akapaka gundi ya mafundi kila penye upenyo, hata kale katundu kadogo ambako hakujua kazi yake. Akakifunga, akafuta alama za vidole. Hakumwambia. Alitaka ashangae mwenyewe jinsi petroli ilivyotakata. Angemwambia, pengine mambo yote yaliyofuata yasingetokea.

Jioni ile ile simu ililia.

"Mpenzi, imezima. Niko kwenye kona ya mlimani, pale yanapoangukia malori."

"Petroli?"

"Imejaa. Nimefungua nikachungulia."

"Piga kiki."

Ikawaka. Wakacheka wote wawili.

Jumamosi ya pili ikazima kwenye kona ile ile. Theodora akafungua tangi, akachungulia, akafunga, akapiga kiki, ikawaka. Ya tatu hivyo hivyo. Kwenye vijia vya Mnyambe, kutoka shamba hili hadi lile, ilikwenda kama mbuzi aliyeona mahindi. Kwenye safari ndefu tu, mlimani, ilikohoa, ikalegea, ikafa.

Wazee wa Mnyambe hawakushangaa. Pikipiki ile Theodora aliinunua kwa mjane wa mzee Bwanali. Bwanali alifia kitandani kwa homa, kila mtu alijua, lakini kijiji kilikuwa kimeshamfisha kwenye ile kona mara tatu, kila mara kwa lori la rangi tofauti. "Anataka lifti," walimwambia Theodora bila kucheka. "Akikaa vizuri nyuma, inawaka."

Isaka ndiye aliyecheka. Alibadilisha plagi. Akafungua kabureta, akaisafisha hadi ikang'aa kama kijiko cha wageni. Akakung'uta filta ya hewa, ikatoka salfa ya kutosha mti mzima. Kila alipomaliza alijaza tangi mwenyewe na kukaza kile kifuniko kwa nguvu zote, kwa upendo wote.

Jumamosi ya nne pikipiki ilifia kwenye kona huku lori linateremka. Lilipita karibu kiasi kwamba kioo chake cha pembeni kilichana mkono wa jaketi la Theodora. Usiku huo hakupiga simu. Alipiga kesho yake, sauti baridi.

"Isaka, nikuulize, na usinitanie. Kwa nini inazima nikitoka kwako tu?"

"Unamaanisha nini?"

"Loveness ameniambia." Loveness ndiye aliyepanga naye nyumba. "Nikienda peke yangu hadi Newala mjini, haizimi. Ukiishika wewe, inazima. Mtu anayetaka kupigiwa simu kila saa anaweza kuchezea pikipiki ya mtu."

"Theodora! Mimi? Mimi ninayeisafisha mpaka kucha zimekuwa nyeusi?"

"Ndiyo, wewe unayeishika sana."

Hasira ikampanda. "Basi mwambie Loveness akutengenezee. Au Bwanali!"

Simu ikakatwa. Jumamosi ya tano Theodora alishuka Chiwata, akajaza petroli kwingine, akapita mbele ya duka la Isaka bila kupunguza mwendo. Kitenge cha njano kilipepea, kikatokomea upande wa mlima. Isaka alijifanya anapanga mabomba ya kupulizia.

Haukupita muda, Mama Wema, jirani yake muuza mafuta ya kula, akaita. "Baba, nitobolee hili kopo, mikono yangu imechoka."

Isaka alilitoboa kwa msumari, akainamisha. Mafuta yakatoka kidogo, yakadondoka, yakasita. Akatikisa. Hakuna.

"We naye!" Mama Wema alicheka. "Toboa la pili upande huu. Lisipovuta hewa litamwaga vipi?"

Msumari ulimponyoka Isaka mkononi.

Alikaona kale katundu kadogo. Aliiona gundi yake imekaziba. Aliliona tangi limejaa petroli lisiloweza kuitoa, mlimani, pale injini inapokuwa na kiu kuliko kawaida.

"Baba, vipi? Umeona nyoka?"

Alikuwa ameshatoka. Akapiga simu. *Namba unayopiga haipatikani kwa sasa.* Akapiga tena. Erasto, dereva wa bodaboda, alikuwa anakula muhogo. Isaka alimpandia nyuma kabla hajameza.

"Mlima wa Newala. Kimbiza!"

"Kuna msiba?"

"Bado," Isaka alisema, na neno hilo likamtisha mwenyewe.

Njiani akawa anapiga na kumsikiliza mwanamke yule yule wa kwenye simu asiyechoka. Walipoanza kupanda, mbele yao hewa ilikuwa ya manjano. Ukungu mzima wa manjano ulikuwa umelalia kona, na ndani yake watu wanatembea wakikohoa. Lori la salfa lilikuwa limekaa mshazari, gurudumu la mbele mtaroni, mifuko imepasuka barabarani.

Pikipiki ilikuwa imelala chini ya bamba la mbele la lori.

"Mwenye hii yuko wapi?" Isaka alipiga kelele. Akainama kuchungulia chini ya lori. "Yuko wapi!"

"Usinipigie kelele," sauti ilisema pembeni.

Theodora alikuwa ameketi kwenye nyasi, wa manjano kuanzia helmeti hadi viatu, kidevu kinavuja damu. Isaka alipiga magoti, hakuthubutu kumgusa.

Chrispin, dereva wa lori, alisogea akijikung'uta salfa. "Imezima mbele yangu, kaka. Ameruka. Ningefanyaje?"

"Ni Bwanali," mtu mmoja alisema.

Isaka aliivuta pikipiki, akaiinua, akafungua kifuniko. *Fyuuu!* Watu wakarudi nyuma kama kondoo.

"Mmesikia?" Chrispin alinong'ona. "Anavuta pumzi!"

Gundi ilikuwa hapo, chini ya kifuniko, ngumu na nyekundu. Ukucha mmoja ungetosha. Angeibandua, akarudi Masasi kama mtu aliyemfukuza marehemu, na Theodora angemshukuru maisha yake yote. Umati ulikuwa unamsubiri aseme hivyo.

"Si Bwanali," alisema. "Ni mimi. Niliziba tundu la hewa ili salfa isiingie. Sikujua. Leo ndiyo nimejua."

Theodora alisimama, akachechemea hadi kwake, akakitazama kile kifuniko.

"Kwa hiyo ningekufa, ungenizika ukimlaumu mzee wa watu."

"Ndiyo."

"Na ungelia."

"Sana."

Alichomoa kibanio cha nywele, akatoboa gundi mwenyewe, akapuliza, akafunga. Kiki ya kwanza, pikipiki ikawaka. Akafuta damu kidevuni kwa ncha ya kitenge.

"Panda."

"Nikuendeshe?"

"Nani kakwambia? Panda nyuma."

Walipanda mlima polepole, mikono ya Isaka imembana kiunoni, jua linashuka upande wa Masasi. Kila injini ilipobadili sauti, alimbana zaidi.

"Nimebadilisha gia tu," Theodora alisema. "Unaniminya."

"Theodora, nataka kuja kwenu Chiwata. Na wazee."

Walipita miti, walipita vibanda vya kwanza vya Newala.

"Waje," alisema mwishowe. "Lakini baba akiuliza hili kovu, utaeleza wewe, mbele ya wote, kama ulivyoeleza pale."

"Nitaeleza."

Injini ilikohoa kidogo. Wote wawili wakaisikiliza, hadi ilipotulia.