Pini ya Mlango wa Kushoto

Saa mbili na nusu asubuhi ya Jumatatu, Agnela alikuwa amelala ubavu kwenye changarawe za barabara ya Momela, nyanya alizonunua Ngarenanyuki zimetapakaa hadi mtaroni. Mbele kidogo ilisimama pikapu, Pijo ya zamani ya rangi ya maziwa, injini ikinguruma na mlango wa kushoto uko wazi. Mumewe, Ndesanjo, alikuwa amepiga magoti akimfunika kwa koti lake. Kila aliyefika, Ndesanjo alimwambia neno lile lile.

"Tulikata kona. Mlango umefunguka wenyewe."

Inspekta Silantoi alipofika, mgonjwa alishapelekwa hospitali mjini. Askari wa trafiki walikuwa wameshaamua: vitasa vya pikapu vilibadilishwa wiki iliyopita, fundi amelipua kazi. Kabla ya saa sita mchana fundi huyo, Lemburis, alitolewa gerejini kwake Ngarenaro akiwa na grisi mikononi.

Silantoi hakupenda kesi zinazoisha kabla hazijaanza. Aliufunga mlango wa kulia wa pikapu. Ulilia mara mbili, tak-tak. Akaufunga wa kushoto. Ulilia mara moja. Akaubamiza kwa nguvu. Mara moja tena.

Aliinama akaitazama pini iliyofungwa kwenye nguzo ya mlango, ile inayoshikwa na kitasa. Juu ya nati yake palikuwa na mstari mwembamba wa rangi nyeupe, umekatika katikati, vipande havitazamani. Chini ya pini palichungulia ukingo wa mpira mweusi. Aliagiza pini ifunguliwe, na kilichokuwa chini yake akakitia kwenye mfuko wa plastiki.

Saa nane mchana alikaa na Lemburis kituoni.

"Umeshafunga vitasa vingapi katika kazi yako?"

"Sijahesabu, afande. Hesabu wanaolalamika, ni rahisi. Hawapo."

"Leo yupo mmoja. Yuko wodini, nyonga imevunjika."

Lemburis aliinamisha kichwa. Utani ulimtoka wote.

"Nieleze ulichofanya."

"Vile vya zamani vilikuwa vinafunguka hata kwa kijiko. Na vilikuwa vya jino moja, gari likirukaruka mlango unaachia. Nikatoa vyote, nikafunga vya kisasa vya meno mawili. Jino la kwanza ni la tahadhari. La pili ndilo linaloshika. Mlango ukifungika sawasawa unasikia tak-tak."

"Wa kushoto nimesikia moja."

Alinyanyua kichwa. "Basi pini imesogezwa ndani. Kitasa kinaishia jino la kwanza. Mtu akiegemea kwenye kona..."

"Mstari mweupe ni wa nini?"

"Nikishakaza nati napiga rangi, inapita juu ya nati hadi kwenye bodi. Ikizungushwa, mstari unakatika."

"Umekatika. Na mpira uliuweka wa nini?"

"Mpira upi?"

"Chini ya pini. Washa ya mpira, kiduara chenye tundu."

"Afande, mpira chini ya pini ni kama kujenga nyumba juu ya uji. Sijaweka."

"Mlango ukiwa umefungwa, pini inafikiwa?"

"Haifikiwi. Lazima uwe na ufunguo. Na funguo zilikuwa mbili tu, nilimkabidhi mzee Ndesanjo zote."

"Au ulibaki na wa tatu."

"Nimuumize mke wa mtu anayeniombea mchumba?" Lemburis alisema polepole. "Namtaka Brenda, mpwa wake. Kwao wamegawanyika. Wapo wanaosema mimi si wa kwao, wao Wachaga, mimi Mwarusha wa gereji. Mzee Ndesanjo akaniambia, nitengenezee milango ya gari la marehemu baba. Kazi ikisimama, na mimi nitasimama niseme."

"Sasa kazi imeanguka."

"Imeangushwa."

"Hiyo utaithibitisha wewe au nani? Jumatano unapelekwa mahakamani."

Koplo Yoeli alimrudisha mahabusu.

Saa kumi jioni Silantoi alikuwa hospitali. Agnela alilazwa chali, mguu umevutwa kwa uzito, midomo imekauka. Pembeni yake dada mkubwa wa Ndesanjo, Irine, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alikuwa akimnywesha uji kwa kijiko na kumpangusa kidevu. Kwenye kabati dogo la kitanda ilisimama chupa ya maji, ndani yake jani moja refu la kijani, limefungwa fundo katikati.

"Pole sana, mama Agnela. Niambie ilivyokuwa."

"Nilianguka, afande. Basi. Huyo kijana mwachieni."

"Nimwachie kwa sababu gani? Unajua nani aligusa mlango?"

"Mambo mengine yameshaisha."

"Yameisha na nani?"

Agnela aligeuza uso kuelekea ukutani.

"Amechoka," Irine alisema. "Na dawa zinamlevya. Kama hamjui kazi ya fundi ilivyo mbovu, kaulizeni trafiki."

Silantoi alilitazama jani. "Hili nani ameleta?"

"Mimi. La kupendezesha tu, wodi inanuka dawa."

Silantoi, aliyeolewa Uchagani, Marangu, miaka kumi na minane iliyopita, aliliandika kwenye daftari lake.

Kwenye korido alimkuta Ndesanjo amekaa, mikono ameifumbata katikati ya magoti.

"Ufunguo wako uko wapi?"

"Kiunoni. Haujatoka hapa."

"Wa mkeo?"

"Kwenye pochi yake."

"Mara ya mwisho kuusikia mlango ukilia vizuri ni lini?"

Alifikiri. "Jumapili asubuhi, tunakwenda kanisani. Wakati wa kurudi kwaya walikuwa wanaimba kwenye maegesho, sikusikia kitu. Leo alfajiri sikutega sikio."

"Na pochi, mkeo akiimba kwaya?"

"Anashika wifi yake, Irine. Siku zote."

Irine alikuwa ametoka wodini na bakuli tupu. Silantoi alimuuliza palepale.

"Jumapili ulishika pochi ya wifi yako?"

"Mapajani, toka wimbo wa kwanza hadi baraka. Sikunyanyuka kwenye benchi."

Ndesanjo alishusha sauti dada yake alipoondoka. "Afande, kama kuna mtu wa kumuuliza ni mdogo wangu Anande. Hakutaka gari liguswe. Alisema mbele za watu, hilo gari litakula mtu."

Jumanne asubuhi Anande aliletwa kutoka Terrat. Aliingia amenuna.

"Shikamoo ya nini wakati mmenileta kama mwizi," alisema, ingawa hakuna aliyemdai shikamoo.

"Ulisema gari litakula mtu?"

"Nilisema. Nilikuwa na hasira. Baba aliifunga ile milango kwa kamba miaka yote na hatukuanguka. Kaka anang'oa kila kitu, vitasa, funguo, mipira. Nikauliza, atabakiza nini cha baba, usukani?"

"Hasira hiyo ilikupeleka kwenye maegesho Jumapili?"

"Nilikuwa pale, ndiyo. Mahubiri yalinichosha."

"Nani alikuona?"

"Muulize dada Irine. Naye alitoka kunyoosha miguu, tukasalimiana palepale kwenye magari. Alikuwa na pochi mbili begani, nikamtania, umekuwa mgambo wa pochi."

Silantoi aliacha kuandika. "Dada yako anajua kushika spana?"

"Irine? Sisi wavulana tulikuwa tunakimbia, yeye ndiye aliyelala chini ya ile Pijo na baba." Anande alielewa alichokisema, na uso wake ukabadilika.

Alasiri ile Silantoi alifika dukani kwa Irine pamoja na ndugu wote wawili. Nyuma ya duka ndipo ilipokuwa nyumba, na uani kulikuwa na ua wa masale, mimea yenye majani marefu ya kijani, uliokatwa vizuri. Irine alikuwa akipima misumari. Silantoi aliweka mfuko wa plastiki juu ya kaunta.

"Shikamoo mama. Nauliza bei ya hii."

Ndani kulikuwa na washa ya bati yenye mpira mweusi, ile inayozuia maji yasipenye tundu la msumari wa bati.

"Hizi zinauzwa kila duka," Irine alisema.

"Kweli. Fundi wa magari hana kazi nayo. Mwenye kuchomoa pini kwa haraka, akakuta haikai vizuri mahali papya, anatafuta cha kujazia. Anachukua kilichomo mfukoni mwake. Ulisema Jumapili hukunyanyuka kwenye benchi. Anande amekusalimia kwenye maegesho, na pochi ya Agnela begani."

"Anande ni mlevi."

"Dada," Anande alisema, "mimi nilikuwa nakutetea."

Irine alimtazama, akarudi kwenye misumari yake.

"Hata hivyo si Anande aliyeniambia kwanza," Silantoi aliendelea. "Ni wewe mwenyewe. Ulipeleka isale wodini, lenye fundo. Hilo si pambo. Uchagani mtu akimkosea mwenzake kosa zito anampelekea isale kumwomba msamaha, na anayeletewa hakatai. Ajali haiombewi isale. Kazi mbovu ya fundi haiombewi isale na wewe. Ndiyo maana Agnela amefunga mdomo. Amekusamehe, na amelishika neno lake."

Ndesanjo alishika ukingo wa kaunta. "Dada. Ni kweli?"

Irine aliiweka mizani pembeni.

"Nilitaka ugongegonge," Irine alisema. "Basi. Mlango ugongegonge njia nzima, wewe ukasirike, useme huyu si fundi. Uliapa ungesimama useme kwa ajili yake kazi ikisimama. Nimemsomesha mwanangu Brenda peke yangu toka baba yake afe. Nimsomeshe halafu aende kuwa mke wa gereji, mbali na kwetu, kwa watu ambao hawatujui?"

"Ulijua jino la kwanza halishiki," Silantoi alisema.

"Baba alinifundisha vya jino moja. Hivi vipya sikuvijua. Na sikujua wanakwenda Ngarenanyuki. Agnela ndiye aliyenishika mkono tulipomzika mume wangu. Nilikata isale jana ile ile, sikungoja hata kunywa maji. Amepokea. Kwetu yameisha."

"Kati yako na Agnela, labda. Mahabusu kuna mtu analala kwenye sakafu kwa kosa lako, na kesho anapandishwa kizimbani. Jana umekaa unamnywesha uji Agnela huku unaniambia nikaulize trafiki. Huyo ulimpelekea nini?"

Irine alivua aproni, akaikunja, akaomba dakika moja ya kwenda uani. Silantoi alimfuata. Alimwona akikata jani moja kwenye ua wa masale na kulifunga fundo.

Kituoni Irine aliandika maelezo yake na kutia saini. Kisha Lemburis akaletwa kaunta kuchukua mkanda na viatu. Irine alisimama mbele yake, koplo Yoeli pembeni, akamnyooshea jani kwa mikono miwili.

Lemburis alilitazama bila kulipokea.

"Unajua ni nini?" Silantoi alimuuliza.

"Brenda alishanieleza. Halikataliwi."

"Ndivyo."

"Kwa mtu wa kwao." Aliingiza mkanda kwenye suruali, tundu moja baada ya jingine. "Mimi si wa kwao, afande. Si ndilo neno lake mwenyewe?"

Alivaa viatu bila kufunga kamba. Mlangoni aligeuka.

"Mwambieni mzee Ndesanjo asiliendeshe lile gari mpaka nije kukaza pini," alisema, akatoka.

Jani lilibaki juu ya kaunta. Yoeli aliuliza kama alitie kwenye mfuko wa vielelezo. Silantoi alisema hapana, akalisogeza taratibu upande wa Irine, akachukua funguo za mahabusu.