Kitanda Kilichoelekea Kibla

Asubuhi hiyo Isack, msaidizi wa fundi Mwinjuma, alikuta kitanda kimegeuka tena. Jioni walikiacha kinatazama barabara, ili wapita njia wa Keko wauone uzuri wake. Sasa kilikuwa kimekaa mshazari katikati ya banda, kimeziba njia, na unga wa mbao uliojaa sakafuni haukuwa na alama ya kuburuzwa hata kidogo.

"Braza Mwinjuma, mwambie mlinzi aache utani," Isack alinung'unika. "Na hii harufu ya nini? Kama hospitali vile."

Mwinjuma alikizunguka kitanda akinusa. Mlinzi wao hakuwa mtu wa utani, na harufu ile yeye aliijua. Ilikuwa kafuri, ile wanayopakwa maiti wa Kiislamu kabla ya kuvishwa sanda. Akashika upande mmoja, Isack upande wa pili, wakakirudisha kutazama barabara. Isack ni Mkristo, asingejua. Lakini Mwinjuma aliona vizuri kuwa kitanda kilikuwa kimeelekea kibla.

Sasa tusianze kumwonea huruma mapema, tutapotea. Mwinjuma alikuwa seremala hodari, swala tano, safu ya kwanza. Msikiti wa mtaani kwao ulipompa jeneza alirekebishe, lile linalobeba kila maiti wa mtaa na kurudishwa stoo, aliitikia mbele za watu: "Nitalifanya kwa thawabu, sitaki hata senti." Wakamwombea dua, naye akainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Kumbe! Jeneza lile lilikuwa la zamani, mvule mtupu. Vilivyooza ni vibao vya chini tu. Mihimili yake miwili mirefu ilikuwa mizima kabisa. Fundi wetu akaing'oa mihimili, akaweka paini, akapaka rangi ya kijani mara mbili, akalirudisha linang'aa. Ule mvule akaufanya mbavu za kitanda cha mtu mmoja, kitanda cha kumtoa mtu udenda.

Hoja hakukosa. Kwani maiti anajua mvule na paini? Na kutaka mali kuna dhambi gani? Matajiri wacha Mungu wamekuwapo tangu enzi na enzi. Mie nikifanikiwa, si msikiti huohuo nitakaoujengea choo cha kisasa? Alijiambia hivyo akipiga msasa, tena kwa sauti, kama mtu anayejibizana na mwenzake.

Nyumbani alikuwa na mama yake, Bi Mwanaheri, mgonjwa wa siku nyingi. Jioni moja akimnywesha uji, bibi yule alimuuliza, "Mwanangu, lile jeneza ulilitengeneza vizuri? Ndilo lililomchukua baba yako. Na mie ndilo hilohilo."

"Liko imara, mama. Kunywa uji."

Akakipuliza kijiko muda mrefu kuliko kawaida. Akasingizia uji wa moto.

Siku mbili baadaye, adhuhuri, jua kali, alikuja mteja, mama mmoja wa Moshi aitwaye Gladness, anayemalizia nyumba ya wageni kule Mbezi Luis, karibu na stendi. Alihitaji vitanda vya vyumba vyote. Oda ya namna hiyo Mwinjuma alikuwa akiiomba kwenye kila sijida.

"Ngoja nikijaribu, nisije nikauziwa mbuzi kwenye gunia," Gladness alicheka, akavua viatu, akajilaza.

Kicheko kikakatika. Miguu yake ikajinyoosha ikabana pamoja, mikono ikajilaza ubavuni, na uso wake, taratibu sana, kama unaogeuzwa na mtu mwenye adabu, ukaelekea kulia, upande wa kibla. Harufu ya kafuri ikajaa banda zima. Midomo ya mama yule ikafunguka, na iliyotoka ilikuwa sauti ya mzee mwanamume, mpole, aliyechoka kungoja.

"Niinueni. Mbona mnanichelewesha?"

Mwinjuma alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta wa mabati. Gladness akafumbua macho, akapiga miayo.

"Jamani, nimepitiwa na usingizi! Fundi, kitanda hiki si mchezo, acha kabisa. Nitengenezee nyumba nzima. Na hikihiki nataka kiwe cha chumba cha kwanza. Jumamosi nakuja na gari."

Hapo angeweza kusema hakiuzwi. Mdomo ulikuwa wake.

"Karibu sana, mama," alisema.

Baada ya swala ya magharibi alimvuta pembeni imamu wao, Ustadhi Abdulrahman, kijana ambaye Mwinjuma alimzidi umri kwa mbali.

"Ustadhi, hivi kutaka utajiri ni dhambi?"

"Nani kakwambia? Mie mwenyewe nautaka, nina watoto wanne!" Ustadhi alicheka. Kisha akanusa, kicheko kikaisha. "Umetoka kuosha maiti?"

"Hapana."

"Basi nikunong'oneze, kaka Mwinjuma, usimwambie mtu. Tangu jeneza lirudi limekuwa zito. Juzi tumemzika mtoto wa Farida, wa darasa la pili yule, wanaume wazima tumepokezana tunahema. Wazee walikuwa wakisema jeneza lile hatulibebi peke yetu. Wapo majini waumini walioufuata mvule ule tangu unachongwa, kila msiba wanaingiza bega. Sasa naona wametususa." Akamtazama. "Kuna kitu ulibadilisha?"

Mlango ulikuwa wazi hivyo. Angesema tu. Lakini aliiona safu ya kwanza ikigeuka kumtazama, aliwasikia waliomwombea dua wakimtaja kwa jina la mwizi wa maiti, na aibu ikamkaba kuliko hofu.

"Labda rangi," alisema. "Rangi nayo ina uzito wake."

Rangi! Ustadhi wa watu akaitikia kwa kichwa, akaenda zake.

Ijumaa alfajiri Bi Mwanaheri akafariki.

Jeneza la kijani likaletwa mlangoni. Mwinjuma alilitazama likiingia, akajua, na bado hakufungua kinywa; alisaidia kumlaza mama yake ndani, bibi mwepesi, ugonjwa ulishammaliza. Yeye ndiye aliyeshika pembe ya mbele, kama ilivyo haki ya mtoto. Walipoinua tu, magoti yakawacheza wote. Watu wakapokezana kila hatua chache, wakaongezeka, mabega yakajaa mpaka hakuna pa kushika, na bado uzito ulizidi, dua zikageuka kuguna, na walipofika mbele ya banda lake, pale ambapo mafundi wote walikuwa wamezima mashine na kusimama kwa heshima, Mwinjuma akasikia sikioni mwake, juu kidogo ya bega, mbao ikilia polepole, ikalia tena, halafu ikakatika, jeneza likainama, na mama yake akateleza na sanda yake mpaka kwenye kifua cha mwanawe.

Akamdaka. Akakaa chini barabarani amemkumbatia. Mbele ya macho ya mtaa mzima, pale rangi ya kijani ilipopasuka, paini nyeupe ilichungulia.

Ustadhi aliinama akaigusa. Akamgeukia Mwinjuma.

"Mvule niliuchukua mie," Mwinjuma akasema. "Nimefanyia kitanda. Nilitaka kukiuza. Mama aliniuliza nikamdanganya." Machozi yalimtiririka, na hakuwa na mkono wa kuyafutia.

Hakuna aliyemtukana. Ingekuwa nafuu kama wangemtukana. Walitazama chini, mmoja mmoja, kama watu waliomkuta mwenzao uchi.

Hapo Isack akatoka bandani, kitanda chote amekiinua mwenyewe begani, kitanda ambacho kila asubuhi walikiinua wakiwa wawili.

"Kuna mzee humo ndani kaniambia nikilete," alisema, uso umempauka. "Kasema mnamchelewesha."

Bandani hakukuwa na mtu.

Wakamlaza Bi Mwanaheri kitandani, wakafunika shuka, wakainua. Akapanda juu mara moja, mwepesi, kitanda karibu kianze kwenda chenyewe. Mwinjuma akainuka, akakimbilia pembe ya mbele. Nafasi ilikuwa wazi, aliiona. Alipoinama kuingiza bega, kiganja baridi kikamgusa kifuani, kikamrudisha nyuma bila hasira, na kafuri ikampiga puani.

"Wewe fungu lako ulishachukua," sauti ya mzee ikamwambia.

Akazunguka upande wa pili. Kiganja kilekile. Akajaribu nyuma. Watu walidhani anaona haya, wakamwita: "Njoo, Mwinjuma, mama yako huyu! Nafasi hii hapa!" Naye aliiona nafasi, na kila alipoisogelea, bega jingine lisiloonekana lilikuwa limeshaingia.

Akamfuata mama yake kwa nyuma, mikono mitupu, mpaka makaburini.