Kiraka Chini ya Kapeti

Mvua ya asubuhi ilikuwa imeigeuza njia ya Suame, mtaa wa mafundi magari, kuwa uji wa matope na oili, lakini Kumasi nzima ilikuwa palepale: malori, nyundo, wauza ugali wa kenkey, mafundi wanaotukanana kwa upendo. Nyantakyi, mwalimu wa sekondari, shati lake jeupe limepigwa pasi hadi mikunjo inakata, aliinama akaongea na miguu miwili iliyotokeza chini ya gari lake.

"Bwana fundi, ekzosi imeonekana?"

"Imeonekana, na kiti cha nyuma kimeonekana pia," sauti ikamjibu. "Mtu aliye chini ya gari hatakiwi kuona kiti, mwalimu. Sakafu yako inaoza. Halafu bwana fundi ni mwanamke."

Dufie akajiburuta akatoka, ovaroli ya buluu, kitambaa chekundu kichwani, masizi shavuni. Nyantakyi akasahau habari ya ekzosi. Dufie naye, nisiwafiche, alisahau kidogo.

Ekzosi ikachomelewa, namba za simu zikabadilishwa, na mwezi mzima uliofuata simu hazikukatika. Habari ya sakafu mwalimu aliahirisha kila wiki, mpaka Alhamisi moja alipolileta gari mbiombio.

"Jumamosi ni matanga ya mjomba kule Mampong. Mama atakaa nyuma, na wewe utakaa naye. Nataka akuone. Sakafu itakuwa tayari, mpenzi?"

Jibu la haki lilikuwa hapana. Bati lililoliwa na kutu hukatwa lote mpaka lifikiwe bati zima, ndipo jipya lipimwe, lichomelewe, lipakwe rangi. Hiyo ni kazi ya wiki. Lakini Dufie alikuwa ameshaanza kujiona ameketi kando ya mama mkwe.

"Itakuwa tayari," akasema.

Ijumaa alipochokoa kwa bisibisi, bati lilimomonyoka kama mkate mkavu. Akakata debe la mafuta ya mawese, akalinyoosha kwa nyundo, akalishikiza kwa vidoa vichache vya kuchomelea juu ya kutu hiyohiyo. Akapaka lami, akatandika kapeti, akajiambia Jumatatu atalirudisha gari alimalize. Alijua kabisa anachokifanya.

Jioni simu ikalia.

"Fundi wangu, gari linanukia upya!"

"Hiyo ni lami, mwalimu."

"Basi lami yako tamu."

"Nyantakyi, ile sakafu…"

"Ina nini?"

"Haina kitu. Kesho nitakuja mapema."

Alikuja amependeza, wallahi: vitenge vyeusi vyenye kingo nyekundu, shingo imenyooka, hereni ndogo. Mama Boatema, mama yake Nyantakyi, mwanamke mzito wa mwili na wa heshima, alimpenda tangu mlangoni. Safari nzima walicheka.

Mampong, mbele ya mahema yaliyofurika waombolezaji, mama akakanyaga ili ashuke. Debe likaachia. Mguu ukapita na kapeti lake, ukatumbukia kwenye dimbwi chini ya gari, na kitenge cha msiba kikachanika mpaka gotini. Wanaume wanne walimnyanyua, watu wakaziba vinywa, na wengine hawakuziba.

"Fundi gani huyu?" mama alifoka. "Mchawi gani kalitengeneza gari hili?"

Nyantakyi aliukodolea macho usukani.

Mama akamshika mkono. "Mwanangu, afadhali wewe ni mshonaji. Nisitiri. Nishonee hapa haraka watu wasinione."

Mshonaji! Dufie akamtazama Nyantakyi, na Nyantakyi akamjibu kwa kuinamisha kichwa. Kumbe ndivyo alivyomtambulisha kwao. Msichana ambaye hajawahi kushona hata kifungo akapiga magoti matopeni, akabana kitenge kwa pini alizoazima, vidole vikiwa na makovu ya moto. Alitaka kukasirika, lakini kila hasira ilipopanda alilikumbuka lile debe, na aibu ikaikata miguu. Akarudi Kumasi kwa basi.

Simu zikalia wiki nzima, hakupokea. Ya mwisho alipokea.

"Dufie, roho yangu, sema chochote."

"Kwa nini mshonaji?"

"Niliogopa watanicheka."

"Sawa," akasema, akakata, akalia mpaka kope zikavimba.

Kwa desturi ya kwao, mwenye kosa hajiombei msamaha mwenyewe. Hutafuta mtu mzima amsemee. Dufie alimchukua Mzee Asiamah, kiongozi wa mafundi wa safu yao, domo kaya asiye na mfano, wakaenda kwa Mama Boatema. Asiamah akaanza mbali sana, tangu enzi za mababu. Dufie akashindwa kungoja.

"Mama, lile bati ni langu. Nilijua limeoza, nikalifunika kwa kapeti. Na mimi si mshonaji. Nachomelea bodi za magari Suame."

Mama Boatema akamgeukia mwanawe aliyesimama mlangoni.

"Nyote mmenidanganya. Huyu kavuka mji kuja kuniambia. Wewe tunakula sahani moja, na hujasema."

Nyantakyi akampa Dufie funguo za gari.

Dufie aliondoka na gari, akaikata sakafu yote mpaka bati zima likang'aa, akaijenga upya kama ilivyopasa. Siku alipokuwa anapaka rangi, Nyantakyi akatokea Suame na mama yake.

"Nimekuja na mtu wa kunisemea," akasema.

"Mimi nimesindikiza tu," mama akadakia. "Kosa ni lake na mdomo anao."

Nyundo zikanyamaza safu nzima. Nyantakyi alitokwa jasho, shati likamganda mgongoni. "Nilimwonea aibu Dufie kwa sababu ya kazi yake. Aibu ilikuwa yangu mimi. Nisamehe, mpenzi."

"Nami nilikupa debe," Dufie akasema polepole, macho chini. "Nilitaka kupendwa kwenu kabla sijastahili."

"Tufanyeje sasa?"

Akainua uso. "Mkija kubisha hodi kwetu kuleta posa, msemaji wenu asituletee yale mafumbo ya kimila ya ua zuri aliloliona bustanini. Aseme mmekuja kumposa nani."

"Fundi wa bodi."

"Sikusikia."

Mwalimu akapanda juu ya tairi kuukuu, mbele ya Suame nzima, akapaza sauti.

"Fundi wa bodi! Tumekuja kumposa fundi wa bodi!"